Mtoto Amekaa Kinyume

4 Februari 1991

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa, na sufi ya magodoro ya mwaka huu ni nyeupe kuliko ya mwaka jana iliyokutia hasira. Sisi huku hatujambo. Nikisema sisi ujue ni mimi na huyu mpangaji wangu wa tumboni. Halipi kodi, hasemi asante, na anapiga mateke ukutani kama nyumba ni ya baba yake.

Jirani yangu mpiga pasi anakusalimu sana. Bado anapasi shati za watu huku anaimba, na bado anaunguza kola pale wimbo unapokolea. Ndiye ananibebea maji siku hizi.

Kazini, pale kiwanda cha uchapaji, bosi wetu Mzee Wino ameniondoa kwenye meza ya herufi. Anasema zile herufi zimetengenezwa kwa madini ya risasi, na risasi ni sumu kwa mwenye mimba. Miaka sita nimepanga maneno ya watu kwa vidole hivi, herufi moja moja, kinyumenyume, mpaka nasoma kinyume upesi kuliko wima. Sasa nimekalishwa dirishani nakunja kadi za harusi. Nakunja mia tatu kwa siku na mikono bado inawasha. Nikirudi nyumbani nahamisha kitanda. Juzi kilikuwa chini ya dirisha, jana nikakipeleka nyuma ya mlango, leo asubuhi nimekirudisha. Nepi nimekata ishirini na nne, nimezikunja, nimezikunjua, nimezikunja upya kwa namna nyingine. Mpiga pasi ananiambia, "Wewe mwanamke, kaa chini, utamtia mtoto kizunguzungu."

Kliniki wanasema mambo yanakwenda.

Mama, ninalotaka kukuuliza ni hili. Mwanao aliondoka tarehe sita Januari kwenda kuvuta nyaya za umeme kule kwenye bwawa. Aliahidi barua kila wiki. Imekuja moja, mistari tisa, tangu hapo kimya. Nimeandika mara tatu. Je, wewe amekuandikia? Hata salamu? Nijibu upesi, nisije nikahamisha na ukuta.

Mkamwana wako.


18 Februari 1991

Mkamwana wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku tano pale shuleni inakopokelewa posta, kwa sababu mwalimu aliyekuwa na ufunguo alikuwa na mafua. Mimi ni mzima. Mgongo ni mgongo, hauponi, unazoeana na mwenyewe. Sufi imekuja nzuri ila ina mbegu nyingi. Nachambua tangu asubuhi hadi nywele zinageuka nyeupe, ukiniona utasema nimezeeka miaka kumi, kumbe ni manyoya tu.

Mwambie Mzee Wino nimemshukuru. Mtu mwenye akili. Na huyo mpiga pasi asikuachie ndoo hata moja.

Nepi ishirini na nne hazitoshi. Kata kumi na mbili nyingine. Usinunue vitambaa vyenye nailoni, vinaunguza ngozi. Osha kila kitu mara mbili kabla hakijamgusa mtoto. Kitanda kiache kilipo. Kula hata kama hutaki. Usilale chali. Usivae viatu vya kubana.

Kuhusu mume wako, mtu mzima hapotei. Bwawani kuna watu wengi na posta yao ni mbovu. Usijichoshe kwa mawazo.

Godoro la mtoto nitashona, lakini si sasa. Likiwa tayari litakuja. Usiniulize lini.

Mama yako, mshona magodoro.


2 Machi 1991

Mama mpendwa,

Shikamoo tena. Nimefurahi kusikia u mzima. Mzee Wino aliposikia umemshukuru alivaa miwani ili apokee shukrani vizuri. Nepi sasa ni thelathini na sita. Mpiga pasi amezipiga pasi zote, akaunguza mbili, kwa hiyo ni thelathini na nne.

Mimi siwezi kutulia. Nikikaa, miguu inataka kwenda. Nikienda, kiuno kinasema rudi. Nimesugua jiko mpaka rangi imetoka. Asubuhi natembea hadi mwisho wa mtaa, nageuka, narudi. Fundi saa wa kwenye kona ameanza kunitumia kama saa. "Umepita mara ya tatu," anasema, "kwa hiyo ni saa moja na nusu."

Umeniambia mtu mzima hapotei. Sawa. Lakini hukuniambia kama amekuandikia. Nimeisoma barua yako mara nne, Mama, na mimi kazi yangu ni kutafuta neno lililorukwa. Limerukwa.

Kuna jingine. Nilipokuwa natoa vitu kwenye sanduku lake la vifaa ili nipate nafasi ya nguo za mtoto, nilikuta picha chini ya koleo na tepu. Mwanamke kijana, gauni la mistari, amesimama mbele ya mlango wako, mlango nimeutambua. Tumbo lake liko kama langu. Anacheka na amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Nyuma hapakuandikwa kitu. Ni wifi yangu, siyo? Mume wangu aliniambia dada yake alifariki kwa homa, nami sikuuliza zaidi. Hakuniambia kwamba alikuwa mjamzito.

Mama, wifi yangu alikufa vipi?

Mkamwana wako.


21 Machi 1991

Mkamwana wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi.

Godoro limekwisha. Linakuja na basi, limefungwa ndani ya gunia, nimemkabidhi kondakta mkononi. Ni sufi ya kwanza, haina mbegu hata moja, nimeipapasa yote mwenyewe. Lianike juani siku mbili kabla ya kulitumia.

Picha hiyo irudishe ulipoitoa.

Jitunze.

Mama.


29 Machi 1991

Mama,

Shikamoo. Godoro limefika. Ni zuri, laini kama unavyosema, na mshono wa pembeni umenyooka kama mstari wa kitabu. Nimekaa nalo mapajani saa nzima. Asante.

Sasa nisikilize.

Juu ya gunia mtu ameandika jina la mtaa wangu na namba ya nyumba kwa kalamu nene: mia moja na kumi na saba. Mwandiko wako naujua, umelala kulia kama nyasi zenye upepo. Mwandiko wa kwenye gunia umesimama wima. Na ile saba ina kistari katikati na mkia umekunjwa chini kama ndoana. Mama, mimi nalipwa kutofautisha herufi. Duniani namjua mtu mmoja anayeandika saba hivyo, na huyo mtu alikuwa anaiandika kwenye mita za umeme za mtaa mzima, kisha jioni anakuja kula mezani kwangu.

Yuko kwako.

Sijui tangu lini. Mzee Wino ameniambia kaa, kunywa maji. Mpiga pasi ameniambia, "Angalau yu hai." Mimi nimelia mpaka nimechoka, halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Miezi miwili naandika barua bwawani kama mtu anayetupa mawe kisimani, na nikikuuliza wewe, unaniambia habari za nailoni.

Na kwa kuwa tumefika hapa, mimi nami nilikuficha jambo. Kliniki hawakusema mambo yanakwenda. Walisema mtoto amekaa kinyume, ametanguliza makalio, kichwa kiko juu chini ya mbavu zangu. Tangu Februari wanasubiri ageuke na hajageuka. Miguu imevimba na presha imepanda. Mkunga wa kliniki ameniandikia nilazwe hospitali kubwa Jumatatu ya tarehe kumi na tano Aprili, huenda nikapasuliwa. Wanataka ndugu atakayetoa damu. Mimi wazazi sina, unajua. Mpiga pasi ana kisukari, amekataliwa.

Sikukuambia kwa sababu sikutaka uwe na wasiwasi. Ndivyo ninavyojidanganya. Kwa kweli niliogopa kwamba nikiliandika litakuwa kweli.

Sitaki aje kwa kuonewa huruma. Nataka kujua tu nimemkosea nini.

Mkamwana wako.


7 Aprili 1991

Mwanangu,

Safari hii sikuiti mkamwana. Barua hii haipiti posta, anaibeba kondakta mwenyewe, na nimemwambia akiipoteza asipite tena mbele ya mlango wangu.

Hukumkosea kitu. Yuko hapa tangu tarehe ishirini na tano Januari. Aliingia mchana, na mfuko mmoja begani, akasema kazi imesimama. Haikusimama. Alikuwa juu ya nguzo, ananiambia, mikono ikaanza kutetemeka kwa kuwaza siku zako zinakaribia, akashuka na hakupanda tena. Aliniomba nisikuambie mpaka apate nguvu ya kurudi. Nikakubali. Nilisema wiki moja. Wiki ikazaa mwezi. Mficha uchi hazai, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi mwenye mvi nimekaa nikificha kama mtoto aliyevunja sahani.

Kwamba aliandika lile gunia, sikufikiri. Macho yangu hayaoni vizuri kalamu nene, nikampa. Sijui alisahau kwamba unaujua mwandiko wake, au alitaka akamatwe.

Umeniuliza juu ya wifi yako. Nitakujibu, kisha utaniona nilivyo.

Alirudi kwangu kujifungua mtoto wa kwanza, kama wengi wanavyorudi kwa mama. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa Jumamosi. Saa kumi jioni nikamwambia ndugu yake, chukua baiskeli, kamwite mkunga zahanati, dadako yuko taabuni. Kwa baiskeli ni dakika ishirini. Alirudi na mkunga baada ya saa moja na nusu. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio, kama wako. Mkunga alifanya alichoweza. Tukawakosa wote wawili, yeye na mtoto.

Miaka kumi na mmoja mwanangu hakusema chochote. Mwezi uliopita, tukiwa tunachambua sufi, akaniambia bila kuinua kichwa. Njiani alipita uwanjani. Kulikuwa na mechi. Akasimamisha baiskeli aangalie kidogo, akidhani uzazi wa kwanza huchukua muda, akaangalia kipindi kizima cha pili. "Mama, nilimuua mimi," akasema. "Sasa mke wangu naye ananisubiri nimkimbilie. Mimi si mtu wa kukimbiliwa."

Mimi nikaendelea kuchambua sufi.

Sikiliza sasa, maana hili sijamwambia mtu yeyote, wala yeye. Uchungu haukumwanza wifi yako saa kumi. Ulimwanza asubuhi. Saa mbili aliniita, akasema, "Mama, nahisi kitu hakiko sawa." Nilikuwa na magodoro sita ya bweni la shule yanayongojewa siku hiyo hiyo. Nikamwambia, "Tulia, mwanangu, uzazi wa kwanza ni mrefu, mimi mwenyewe nilikaa siku nzima." Akaniita tena saa tano. Nikamwambia vumilia. Nikashona. Mkono wangu ulikuwa unakwenda na sindano, yeye yuko chumba cha pili anauma kanga, nami nahesabu mishono. Nilipofunga la sita ndipo nilipomtuma mdogo wake. Hayo maneno ya uzazi wa kwanza ni mrefu, aliyapata kwangu.

Na hata aliponiambia kuhusu mechi, sikumwambia habari za asubuhi ile. Nilimwacha aubebe mzigo peke yake. Hata leo sijamwambia. Usimwambie, mwanangu, nakuomba. Sijui angeniangalia vipi.

Barua yako nilimsomea. Nilipofika "amekaa kinyume" alitoka nje akatapika. Leo asubuhi nimemwekea mfuko wake mlangoni na nikamwambia, "Hapa hapana tena nafasi yako. Mkeo anataka damu." Anapanda basi hili hili linalobeba barua. Kesho mchana atakuwa kwako.

Mama.


11 Aprili 1991

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nimesimama, kukaa siwezi.

Hajafika. Leo ni Alhamisi. Barua yako niliipata Jumatatu mchana, kondakta alinigongea mlango mwenyewe. Nikamuuliza, mlikuwa na abiria kijana, mrefu, mfuko begani? Akasema ndiyo, alishuka stendi, hata chenji yake ya chai aliisahau. Stendi hadi kwangu ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Zimepita siku tatu.

Jumatatu nilipika kwa watu wawili. Jumanne nikapika kwa wawili. Jana nikapika kwa mmoja na sikula. Kila kiatu kinachopita kwenye kokoto za nje nakijua sasa: huyu ni muuza maziwa, huyu ni mtoto wa fundi saa, huyu ni mbwa. Mpiga pasi amekwenda kuuliza stendi na kwenye ofisi ya umeme, hakuna aliyemwona.

 Yale mengine uliyoandika nimeyasoma. Sikuchukii. Lakini usiniombe nikae na siri yako kwenye tumbo hili, Mama, tayari limejaa.

Kiuno kinauma tangu alfajiri. Mpiga pasi anasema ni cha kawaida, halafu ananiangalia kwa jicho lisilo la kawaida.

Je, amerudi huko?

Mkamwana wako.


14 Aprili 1991

Mwanangu,

Hajarudi. Nimekwenda stendi mara mbili kila siku. Kondakta ananikwepa kwa jinsi ninavyomuuliza.

Sindano nimeiweka chini tangu jana, siwezi kushika. Usiende kulazwa peke yako. Usikae hata saa moja ukisema nitavumilia. Ukihisi kitu hakiko sawa, kimbia, piga kelele, vunja mlango wa mtu. 

Niandikie neno moja tu.

Mama.


24 Aprili 1991

Mama mpendwa,

Shikamoo. Neno moja ni hili: wazima. Mengine ni haya, na unisamehe kwa kuchelewa. Mshono wa tumboni ulikuwa haujaniruhusu kuketi na kalamu.

Ijumaa, siku moja tu baada ya barua yangu, nilikuwa nimeinama natafuta ndala chini ya kitanda, maji yakamwagika. Saa nne asubuhi. Nilikumbuka barua yako, ile asubuhi ya wifi yangu, na nikawa siwezi kungoja hata kufunga dirisha. Mpiga pasi aliacha pasi juu ya shati la mtu na kunishika mkono. Shati limeungua, mwenyewe ametusamehe. Tulipata teksi kwenye kona, fundi saa ndiye aliyeisimamisha kwa kujirusha mbele yake.

Hospitali wodi ya wazazi ina ukumbi mrefu wenye mabenchi ya ndugu wanaosubiri. Naingia nimeshika ukuta, naona mtu kwenye benchi la mwisho ameinamisha kichwa. Ule mfuko naujua.

Nikasema, "Umekuja lini?"

Akasimama kama aliyeitwa mahakamani. "Jumatatu."

"Leo ni Ijumaa."

"Najua."

"Umekuwa wapi?"

"Hapa." Akaonyesha benchi. "Nilikuja kutoa damu kwanza. Nikasema nikishatoa nitakuja nyumbani. Nimetoa Jumanne. Halafu nikashindwa kuondoka hapa. Nilijua ungeletwa hapa, kwa hiyo nikakaa."

Mama, nilitaka kumpiga na nilitaka kumwegemea, na uchungu ukaja ukanikatisha yote mawili. Nikamwegemea. Alinuka benchi.

Mkunga wa zamu alikuja na kiti cha magurudumu. Mwanamke mnene, sauti ya chini, hacheki na mtu. Akaniuliza kadi ya kliniki. Kadi! Kila kitu kiko humo, presha, kundi la damu, vidonge vilivyonikataa. Nimeiacha nyumbani juu ya meza. Mkunga akasema daktari anaihitaji kabla hajanipeleka chumba cha upasuaji, kwa sababu kuna dawa ambazo zinaweza kunidhuru. Mpiga pasi alikuwa amevimba miguu, hawezi kukimbia. Nikamgeukia mume wangu.

"Nenda ukailete."

Akawa mweupe kama sufi yako. "Mtume mtu mwingine."

"Sina mtu mwingine."

"Tafadhali. Usinitume mimi. Hujui."

Nikamwambia, "Najua. Najua mechi, na najua baiskeli. Bado nakutuma wewe. Ufunguo uko chini ya ndoo."

 Akageuka akakimbia. Nilisikia miguu yake mpaka lango kuu.

Sikumwona akirudi, walikuwa wameniingiza. Mkunga alinisimulia baadaye. Anasema hakuwahi kuona mtu akiingia wodini namna ile: ndala moja mguuni, nyingine haipo, goti linatoka damu, kadi ameiuma kwa meno kwa sababu mikono yote alikuwa ameitanguliza kufungua milango. Teksi alikosa, akakimbia kwenda na kurudi. Mkunga akaichukua kadi, ikiwa na alama za meno, akamwambia, "Kaa chini kabla sijakulaza na wewe." Daktari aliisoma, akabadilisha dawa moja. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Walinipa chupa moja ya damu, na sihitaji kukuambia ilitoka kwa nani.

Ni mtoto wa kike, Mama. Kilo mbili na robo tatu. Alitoka amekasirika, miguu ameiinua hadi masikioni kama alivyokaa miezi yote, na mpaka leo ukimvua nepi anarudisha miguu juu kule kule. Analia kwa sauti ya kwanza ya kwaya, anaanzia pale ambapo wenzake wanaishia. Jina bado hatujampa. Mpiga pasi anamwita Bi Kinyume.

Usidhani tumekaa hapa tunacheka tu. Sijamsamehe yote. Miezi mitatu ni miezi mitatu, na zile siku nne za benchi bado zinanichoma kuliko miezi. Anafua nepi, anapika vibaya, na amerudi ofisi ya umeme wakampokea. Nikimkuta amesimama mlangoni anamtazama mtoto, namwambia ingia. Anaingia. Kumbeba bado. Anasema mikono yake si ya kuaminika. Kila siku nampa, kila siku anasema kesho. Jana aliniambia, "Dada yangu angekuwa hai kama si mimi. Nitamshikaje huyu?"

Nilikuwa na jibu, Mama. Lilikuwa mdomoni. Nililimeza kwa sababu uliniomba, nikamfunika mtoto.

Siwezi kuendelea kulimeza. Lakini pia si langu kulitoa. Alichokifanya yeye ni dakika arobaini na tano za ujana. Ulichokifanya wewe unakijua. Sikuandikii ili nikuhukumu. Mimi nami niliwaficha watu presha yangu miezi miwili, na mtoto alikuwa ndani. Nakuandikia kwa sababu kuna mwanaume hapa nyumbani hawezi kumshika binti yake, na dawa yake iko kwako.

Njoo. Na usimwandikie. Ukimwandikia, mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama hapo anaposoma, na hilo sitaki.

Mkamwana wako, na mwanao.


1 Mei 1991

Mwanangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, mwalimu wa posta akiniuliza, "Heri?" Nikamwambia, "Heri, nina mjukuu," kisha nikaketi chini pale pale kwenye vumbi kama mtu asiye na adabu.

Kabla hujaniambia nisimwandikie, nilikuwa nimejaribu. Karatasi tatu. Ya kwanza nilianza na magodoro, nikaona najitetea. Ya pili nilianza na yeye, nikaona namlaumu. Ya tatu nilianza na dada yake, sikupita jina. Nimezichana zote. Umesema kweli.

Hospitali sijaingia tangu nilipomkosa binti yangu, hata kumwona mgonjwa. Basi la mbali sijapanda miaka minane. Nimemwomba jirani aniangalizie sufi, nimefunga chumba cha kazi, na kesho Alhamisi naondoka. Barua hii sitaitia posta wala kumpa kondakta. Nitaibeba mwenyewe nikupe mkononi, kwa sababu najijua: nikifika mlangoni kwako nitasema habari za safari, nitasema mgongo, nitauliza nepi. Nitaongea yote isipokuwa hilo la asubuhi ile. Kwa hiyo uisome mbele yangu, na nikianza kuzunguka unikatishe.

Nikifika usinikaribishe maji. Usinipe mtoto, hata nikimlilia, hata nikisema nimgusie tu kidole. Kwanza niitie mwanangu, tufungie mlango, utuache.

Mama.